Fedha za Shule na Afya ya Mtoto: Nani Analipa Nini?



Sisi wahudumu wa afya wa vijiji tukipita nyumba kwa nyumba, maswali ya shule tunayoulizwa yanakaribia kulingana na maswali ya malaria. "Serikali inasema shule ya msingi ni bure, mbona tunaombwa mchango wa uji?" "Mtoto wangu haoni ubao, ni nani wa kumsaidia?" "Binti yangu hukaa nyumbani siku nne kila mwezi, nifanyeje?"

Haya ni maswali ya afya. Mtoto mwenye njaa anamwangalia mwalimu lakini hamsikii. Mwenye minyoo anasinzia darasani. Asiyesikia vizuri anaitwa mkaidi, anapigwa, mwisho anaacha shule. Mwalimu peke yake hawezi kuyamaliza, na daktari peke yake hawezi.

Katika makala hii tunaeleza fedha za umma zinazoingia shuleni, zinalipa nini na hazilipi nini, na kwa kila hitaji la mtoto mlango wa kugonga ni upi. Mzazi anayejua mlango hapotezi nauli, na mtoto wake hapotezi muhula.

SHULE YA JAMII NI SHULE YA NAMNA GANI?

Jina hili lina maana mbili, na watu huzichanganya.

Hapa Uganda, shule ya jamii ni shule iliyoanzishwa na wazazi wenyewe au kanisa au msikiti, mahali ambapo shule ya serikali iko mbali. Wazazi hujenga darasa la miti na udongo, humtafuta mwalimu na kumchangia mshahara. Baadaye huomba serikali iichukue. Ikikubaliwa, inaingia katika orodha ya shule za serikali na kuanza kupata walimu na ruzuku. Serikali ina lengo la kuwa na angalau shule moja ya msingi ya serikali katika kila parishi, na huangalia pia idadi ya wanafunzi, majengo na ardhi. Ndani ya makazi yetu ardhi iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM), kwa hiyo jamii inayotaka kuanzisha shule ianze kwa kamandanti kabla ya kuchimba msingi.

Maana ya pili inatumika sana Marekani. Huko shule ya jamii ni shule ya umma ambayo, pamoja na masomo, ina chakula, kliniki, ushauri kwa watoto wenye majonzi na msaada kwa wazazi, vyote chini ya paa moja. Fedha za umma hulipia huduma hizo. Mwaka 2021 jimbo la California lilitenga dola bilioni 3 kwa shule za namna hiyo. Sisi hatuna fedha hizo. Lakini shule hizo zina jambo moja la kuiga: kuna mtu mmoja shuleni ambaye kazi yake ni kuunganisha. Akiona mtoto ana shida, anajua ampeleke kwa nani. Jambo hilo tutalirudia.

FEDHA YA SERIKALI INATOKA WAPI?

Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ambao wengi tunauita UPE, ulianza Januari 1997. Mwanzoni ulikuwa kwa watoto wanne katika kila familia, kisha ukafunguliwa kwa wote. Wanafunzi wa shule za msingi Uganda waliongezeka kutoka kama milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 1997. Mpango wa sekondari ulifuata mwaka 2007.

Katika shule ya serikali, fedha ya serikali hulipa mambo matatu makubwa: mishahara ya walimu walio katika orodha ya serikali, majengo, na ruzuku ya kila mwanafunzi. Ruzuku hiyo kwa shule ya msingi ilikaa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka kwa muda mrefu, kisha ikapandishwa hatua kwa hatua hadi 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2020. Hutumwa kila muhula moja kwa moja kwenye akaunti ya shule benki. Wilaya hukagua matumizi.

Kumbuka kwamba wilaya yetu ni Isingiro. Zamani eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara, na bado wapo wazazi wanaopanda gari hadi Mbarara kulalamikia fedha za shule, wakaambiwa warudi. Ofisi ya elimu inayosimamia shule zetu za serikali iko makao makuu ya wilaya ya Isingiro.

Mtoto mkimbizi aliyeandikishwa katika shule ya serikali anahesabiwa sawa na mtoto wa raia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Lakini mtoto asiyeandikishwa hahesabiwi, na ruzuku yake haiji. Ukichelewa kumwandikisha, shule nzima inapungukiwa.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Chukua shule yenye wanafunzi 1,000. Kwa kiwango cha 20,000, ruzuku ya mwaka ni kama shilingi milioni 20. Mwongozo wa Wizara ya Elimu uliotumika kwa miaka mingi unaigawa hivi:

- Vifaa vya kusomea na kufundishia: asilimia 35, yaani milioni 7.
- Michezo, nyimbo na shughuli za nje ya darasa: asilimia 20, yaani milioni 4.
- Uendeshaji wa shule, kama matengenezo, maji na umeme: asilimia 15, yaani milioni 3.
- Shughuli za ofisi: asilimia 10, yaani milioni 2.
- Mahitaji ya dharura na nyongeza: asilimia 20, yaani milioni 4.

Tafuta fungu la chakula. Halipo. Tafuta la miwani, la taulo za kike, la nauli ya kwenda hospitali. Hayapo.

Sasa gawa 20,000 kwa siku za masomo, ambazo kwa mwaka zinakaribia 200. Unapata shilingi 100 kwa mtoto kwa siku. Shilingi 100 ni peremende. Kwa hiyo hedimasta anaposema ruzuku haitoshi uji, mara nyingi anasema kweli.

Lakini angalia tena mafungu ya tatu na ya tano. Choo kilichovunjika mlango, bomba lisilotoa maji, sabuni ya kunawa mikono, haya yanaweza kuombwa humo. Bajeti ya shule hupitishwa na kamati ya usimamizi wa shule, na katika kamati hiyo wamo wawakilishi wa wazazi. Ikiwa mwakilishi wako hajui mafungu hayo, msomee ukurasa huu.

SHERIA INASEMAJE JUU YA MICHANGO?

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inagawa majukumu. Serikali inabeba walimu, vifaa vya kufundishia na majengo. Mzazi au mlezi anabeba kumwandikisha mtoto, chakula, mavazi, malazi, matibabu na usafiri. Ndiyo sababu shule inawageukia wazazi kwa ajili ya uji.

Sheria hiyo hiyo inakataza shule iliyo katika mpango wa UPE kutoza ada. Mchango wa hiari kwa jambo la haraka unaruhusiwa, lakini mtoto hafukuzwi shule kwa sababu mzazi wake hakutoa. Shikeni yote mawili pamoja. Mzazi asiseme "shule ni bure, sitoi hata kikombe cha mahindi," huku akiwa na mahindi ndani. Na shule isimrudishe nyumbani mtoto wa mjane kwa sababu hana kitu. Mtoto wako akirudishwa, usimfungie ndani kwa aibu. Nenda kwa mwenyekiti wa RWC, kisha kwa kamati ya shule. Ikishindikana, nenda kwa ofisi ya kamandanti au ofisi ya elimu ya wilaya.

MFUKO WA WAFADHILI

Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakiwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo tuko hapa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na watoto wetu husoma pamoja na watoto wa wenyeji. Uganda nzima ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7. Ruzuku ya serikali haikupangwa kwa darasa lenye watoto zaidi ya mia moja, kwa hiyo UNHCR na mashirika wanayoshirikiana nayo wamekuwa wakilipa walimu wa nyongeza, kujenga madarasa na vyoo, na kununua madawati.

Septemba 2018 serikali ya Uganda ilizindua mpango maalumu wa elimu kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea. Ulihitaji dola milioni 395 kwa miaka mitatu na nusu, na ulilenga wanafunzi 567,500 kwa wastani kila mwaka. Isingiro ilikuwa miongoni mwa wilaya zake. Fedha zilizopatikana hazikufikia kiasi hicho. Katikati ya mpango shule zilifungwa kwa ajili ya Covid-19, tangu Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Kila kijiji chetu kina msichana aliyeondoka darasani wakati ule na akarudi na mtoto mgongoni, au hakurudi.

Mfuko wa wafadhili una tabia yake: hupungua bila kuuliza kalenda ya shule. WFP ilipunguza mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda mwaka 2020. Mwezi Mei 2025, kwa kukosa fedha, watu wapatao milioni moja nchini waliondolewa katika msaada wa chakula. Mgao ukipungua nyumbani, mtoto huenda shule bila kula, na akirudi hakuna kitu. Ndiyo maana chakula cha shule kimekuwa jambo kubwa kuliko zamani.

JIRANI ZETU WANAFANYAJE?

Rwanda iliamua kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2021/22 kila mwanafunzi wa shule za umma, tangu chekechea hadi sekondari, apate chakula shuleni. Mwaka 2022 serikali ilipanga kwamba mzazi wa shule ya msingi atoe faranga 975 kwa muhula, na sehemu kubwa iliyobaki ilipwe na serikali. Nairobi, mwaka 2023, serikali ya kaunti ilianza kujenga majiko makubwa. Mtoto hulipa shilingi 5 ya Kenya kwa sahani, na gharama nyingine zinabebwa na kaunti na mshirika wake. Hapa Uganda kwenyewe, shule za Karamoja zimepata chakula cha WFP tangu miaka ya 1980, kwa sababu ya ukame wa kule.

Katika mifano ya Rwanda na Nairobi mzazi anatoa kitu, lakini kidogo, na kiasi kinajulikana. Fedha ya umma inabeba mzigo mzito. Hicho ndicho tunachoweza kukiomba kwa heshima kila tunapoitwa kwenye mikutano ya wilaya na ya wafadhili.

KILA HITAJI NA MLANGO WAKE

Wakati tunangoja, huduma nyingi ambazo mtoto wa shule anazihitaji zimekwisha kulipiwa na fedha ya afya, wala si ya elimu. Serikali ya Uganda iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya mwaka 2001. Wazazi wengi hawajui kwamba huduma hizi ni haki ya mtoto wao.

Minyoo. Kila mwaka mwezi wa Aprili na Oktoba ni miezi ya afya ya mtoto nchini kote. Watoto wa mwaka 1 hadi 14 hupewa dawa ya minyoo, na wadogo hupewa vitamini A. Dawa hutolewa shuleni na vijijini, bila malipo. Asiyesoma naye aletwe.

Chanjo ya wasichana. Tangu Novemba 2015 Uganda inawachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo hii haimfungi msichana kizazi. Ni uvumi. Inamkinga na ugonjwa unaoua akina mama wengi katika nchi zetu.

Macho na masikio. Mtoto anayesogelea ubao, anayekodoa macho, au anayeitwa mara tatu bila kuitika, mlete kituo cha afya kabla hujasema ni mjinga. Kituo kikishindwa, kitampa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Mbarara ina pia kituo cha macho katika hospitali ya misheni ya Ruharo. Usiende bila karatasi ya rufaa. Karatasi ndiyo inayokufungulia mlango, na uliza kituoni kama kuna usafiri wa wagonjwa siku hiyo.

Kifafa. Kifafa hakiambukizi. Mate ya mtoto aliyeanguka hayadhuru mtu. Mtoto mwenye kifafa akipata dawa na kuzimeza kila siku, anaweza kusoma kama wengine. Mwalimu aambiwe, ili akianguka asikimbiwe.

Hedhi. Katika kampeni za uchaguzi uliofanyika 2016 wasichana wa shule waliahidiwa taulo za bure. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ililiambia Bunge kwamba bajeti haina fedha hizo. UNHCR imekuwa ikigawa taulo na sabuni, lakini mgao hutegemea fedha. Kwa hiyo tusingoje. Kila shule ya msingi inatakiwa kuwa na mwalimu wa kike anayewasimamia wasichana. Aulizwe kama ana taulo za akiba, maji, na chumba chenye mlango unaofungwa. Taulo za kitambaa zinaweza kushonwa shuleni, na wavulana nao wafundishwe kushona, kwa kuwa kucheka kwao ndiko kunakowafukuza wasichana. Taulo za kitambaa zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, zisifichwe chini ya godoro.

Majonzi. Watoto wengine wameona vita. Mtoto asiyelala, anayejikojolea akiwa mkubwa, au aliyenyamaza ghafla, si mtundu wala hana mapepo. Mweleze mhudumu wa afya, kwa siri. Wapo washauri wa kuzungumza naye.

MAMBO MATANO YA KUFANYA MUHULA HUU

1. Mwandikishe mtoto mapema, na jina lake liandikwe sawa na lilivyo kwenye karatasi ya familia. Mtoto anayehesabiwa analeta ruzuku.

2. Soma ubao wa matangazo. Watafiti wa Benki ya Dunia walichunguza shule 250 za Uganda. Waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 ni asilimia 13 tu ya ruzuku iliyofika shuleni. Nyingine iliishia njiani, wilayani. Ndipo serikali ikaanza kutangaza kiasi kilichotumwa katika magazeti, na shule zikatakiwa kukibandika mahali pa wazi. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mzazi kujua kiasi ilikuwa mojawapo. Kama ubao wa shule yenu ni mtupu, uliza kwa adabu katika mkutano: "Muhula huu tumepokea ngapi?" Kuuliza si kumshtaki hedimasta. Hedimasta mwaminifu hulindwa na ubao huo.

3. Amueni uji katika mkutano wa wazazi wote, wala si wa watu watatu. Anayeweza atoe mahindi au maharagwe wakati wa mavuno, asiye na shamba atoe kuni, kuteka maji au siku ya kupika. Kila kilo iandikwe katika daftari. Na iandikwe waziwazi kwamba mtoto ambaye mzazi wake hana, naye anakunywa uji kikombe sawa na wenzake.

4. Tundikeni jerikeni ya kunawia mikono karibu na kila choo. Jerikeni ya zamani, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni vinatosha. Klabu ya afya ya wanafunzi iitunze.

5. Chagueni mtu mmoja wa kuunganisha. Hapa tunarudi kwa zile shule za Marekani. Kila shule imtaje mwalimu mmoja wa afya, na mhudumu mmoja wa afya wa kijiji ajulikane kwake. Wakutane mara moja kwa wiki na daftari dogo: nani hayupo, kwa nini, amepelekwa wapi. Kazi hii haihitaji bajeti mpya. Inahitaji mtu anayefuatilia mtoto kutoka dawati hadi kituo cha afya na kumrudisha.

NENO LA MWISHO

Fedha ya serikali, fedha ya wafadhili na mahindi ya mzazi ni mafiga matatu. Jiwe moja likiondolewa, chungu kinaanguka, na kilichomo ni watoto wetu. Tuendelee kuiomba serikali na wafadhili waongeze sehemu yao, hasa chakula na taulo, maana haki haiombwi kwa kunong'ona. Lakini mtoto wa P3 hangoji bajeti ya mwaka ujao. Darasa la mwaka huu analisoma mara moja.

Ukiwa na swali kuhusu lolote lililoandikwa hapa, mwulize mhudumu wa afya wa kijiji chako au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukimaliza kusoma, mpe jirani karatasi hii. Asiyejua kusoma, msomee.

Mhudumu wa afya wa kujitolea, Nakivale